Nimepewa oksijeni ya nyumbani masaa 16 kwa siku na kazi yangu ni chapo. Mnaishije na hii kitu?

MamaChapo_Umoja
Habari zenu wadau. Mimi ni mama wa miaka 58, niko Umoja, fleti ya pili juu, na sijawahi kuvuta sigara hata moja, naanza na hilo kwa sababu kila mtu akisikia mapafu anauliza nilikuwa navuta nini. Nilikuwa navuta moshi wa makaa. Miaka 23 nimepika chapo na madondo kwa kibanda pale Kariobangi, jiko mbili za makaa, saa kumi na moja asubuhi nishawasha, mvua ikinyesha tunashusha turubai tunabaki na moshi wetu ndani. Na kabla ya hapo nilishaugua TB, nikameza dawa mpaka mwisho, nikapona. Sasa daktari anasema njia za hewa zimebana na mapafu yana makovu, hayo hayarudi, ni ya kuishi nayo.

Mwezi uliopita nililazwa siku 9. Nikatoka na mashine, ile inachota hewa ya kawaida inaichuja, ya lita 5, tumekodi. Nimeandikiwa lita 2 kwa dakika, masaa 16 kwa siku au zaidi. Karatasi inasema hivo tu. Hakuna mtu alikaa chini akaniambia nitaogaje, nitaenda choo na nini, ngazi nitapandaje. Nilionyeshwa swichi, nikaonyeshwa pale pa kuongeza, nikaambiwa usiguse hapo, basi. Kwa hivyo nimekaa. Wiki ya 3 sasa niko kwa kiti kando ya mashine, kamba yenyewe ya kupitisha hewa mpaka puani ni ya mita 2, naangalia ukuta. Binti yangu ananiletea chakula kama mfungwa. Nikitoa bomba la puani niende choo, nikirudi nahema kama nimepanda Ngong, kale kamashine ka kidole ka kupima oksijeni ya damu kanasoma asilimia 81.

Sasa niulize wenye wanajua. Hii kitu ni ya kukaa nayo ama ya kutembea nayo? Na chapo nitapika tena ama nianze kuuza sufuria?

Bwana_Pumzi
Karibu kwa chama mama, chama chenye hakuna mtu aliomba kujiunga. Mimi huu ni mwaka wa 6, yangu ni sigara kwa hivyo sina wa kulaumu. Niko Buru, ni fundi wa nguo, na bado nashona.

Unavua bomba wakati mbaya kabisa. Ukiwa umekaa mwili hautaki mengi, ukiinuka ndo misuli inaanza kudai. Wewe unavaa ukikaa unavua ukiinuka, ni kama mtu anafunga mwavuli mvua ikianza. Usicheke, mimi nilifanya hivo miezi 2 mizima kwa sababu ya aibu, wateja wakiingia nalificha chini ya meza, nikisimama kuwapima kiuno naona nyota.

Tafuta kamba ndefu, kuna ya mita 15. Kwa fleti ya Umoja hiyo inafika choo, bafu, jikoni na balkoni na inabaki. Usiungeunge vipande vipande mpaka iwe kama waya wa nguo maana kila kiungo kinaweza kuvuja. Ukitaka kujua kama hewa inafika chovya ile ncha ya pua kwa glasi ya maji, mapovu yakitoka uko sawa. Na funga utepe mwekundu kila baada ya hatua 2 watu waone, wajukuu wangu waliniangusha mara 2 kabla sijajua hiyo.

MamaChapo_Umoja
Kumbe! Yaani hata choo natakiwa niende nayo?

Bwana_Pumzi
Choo hasa. Hapo ndo watu wengi huzimia, unajikaza huku umebana pumzi. Usibane. Toa.

Sista_Mstaafu
Mama pole sana. Nilifanya wodi ya kifua miaka 28, sasa niko nyumbani nalima sukuma wiki, lakini hii mada siwezi pita nayo.

Hayo masaa hayakutolewa hewani. Kuna utafiti wa Marekani wa 1980 na wa Uingereza wa 1981, wote kwa watu ambao mapafu yamechoka na oksijeni ya damu iko chini sana. Waingereza walilinganisha masaa 15 kwa siku na kutopewa kabisa, waliopewa waliishi zaidi. Wamarekani wakalinganisha usiku peke yake na karibu siku nzima, wa karibu siku nzima wakaishi zaidi. Sasa niambie, ni mtu gani atakaa kwa kiti kimoja masaa 16? Hakuna. Ndo maana wengi wanavaa masaa 7 au 8 ya kulala halafu wanashangaa mbona miguu inafura. Ukiivaa ukitembea, ukioga, ukikunja nguo, masaa yanajijaza yenyewe.

La pili, rudi kliniki uombe utembezwe. Kuna kipimo cha kutembea dakika 6 koridoni na kamashine kwa kidole, wanaona unashuka mpaka wapi ukiwa na hizo lita 2. Wengine wanaandikiwa namba 2, moja ya kukaa na moja ya kazi. Lakini iandikwe na daktari. USIONGEZE MWENYEWE. Kwa ugonjwa wako wengi tunalenga 88 mpaka 92, sio 99. Kuna watu ukiwamwagia oksijeni nyingi ile hewa chafu ya kutolewa nje, kaboni dioksaidi, inabaki ndani ya damu, mtu anaamka na kichwa kinagonga, anasinzia mchana, anaongea vitu havieleweki. Binti yako ajue dalili hizo. Akiziona ni hospitali, asingoje asubuhi.

Na hicho cha kidole usikiamini kama msahafu. Kwa ngozi nyeusi saa zingine kinasoma juu kuliko ukweli, utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kinakosa kuona oksijeni iliyoshuka kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 kuliko kwa wazungu. Toa rangi ya kucha na hina, pasha mkono joto kwanza. Ile sindano ya kuchota damu mkononi pale mapigo yanapopiga, najua inauma, lakini ndo inasema ukweli.

Jirani_Mwema
Msimdanganye mama wa watu. Oksijeni ukiizoea mapafu yanalala. Mjomba wangu alianza lita 1 akapanda 2, akapanda 4, akafa. Mama chemsha mwarobaini na tangawizi ujifukize na blanketi asubuhi na jioni, achana na mashine.

Sista_Mstaafu
Pole kwa mjomba. Ila hakupanda lita kwa sababu ya mazoea, ugonjwa ulikuwa unaendelea na lita zikaufuata nyuma. Wewe unapumua oksijeni tangu uzaliwe, umezoea? Na mvuke wa maji moto chini ya blanketi kwa mtu ambaye tayari hapati hewa, jiko likiwa hapo kando na bomba linatoa oksijeni... hapana kaka. Hapana kabisa.

Bwana_Pumzi
Jirani Mwema wewe jifukize kwanza utuletee majibu.

kijana_wa_Pipeline
Mimi namtunza buda, lita 2 pia, makovu ya TB. Story ya stima ndo inafaa tuongee kabla ya kuoga na nini. Mnakumbuka Agosti 25, 2023, Ijumaa usiku, nchi nzima ikaenda giza? Kwetu ilikuwa kitu saa nne hivi. Mashine ikapiga kelele ikazima. Nilikuwa na silinda ya lita 1360, hesabu nilikuwa nayo kichwani, 1360 gawa kwa 2 ni dakika 680, masaa 11 na dakika 20, nikamwambia buda tulia hiyo inatupeleka mpaka chai. Kumbe jamaa aliyeniletea, simtaji, aliniletea ya nusu na mimi sikuangalia geji siku ya kwanza, niliangalia tu silinda ni kubwa na imepakwa rangi vizuri. Saa kumi kasoro mshale umelala kwa nyekundu. Tukamshusha kwa mgongo, floor ya 5, ngazi giza, mimi na jirani, simu mdomoni ndo tochi, mpaka hospitali yenye jenereta. Alikuwa anasoma 74 tukifika.

Kwa hivyo mama, geji inaangaliwa silinda ikiingia mlangoni, kabla hujatuma pesa. Na silinda isimame imefungwa na mnyororo kwa ukuta ama ilazwe chini isiviringike, ikianguka pale shingoni ikavunjika inaruka kama kombora.

fundi_stima_Donholm
Naingilia hapo kwa stima. Mashine ya lita 5 nyingi zinakula kama wati 350. Mama ukiiwasha masaa 16 ni kama uniti 5.6 kwa siku, mwezi uniti 168. Hiyo peke yake inakupitisha uniti 100, na ukipita hapo bei ya kila uniti inapanda, kwa hivyo usishangae tokeni zikiisha kama zimelaaniwa, panga mapema na watoto wachange.

Usiichomeke kwa ekstensheni moja na friji na pasi. Soketi yake ya ukutani, peke yake. Iache na nafasi ya kupumua kutoka ukutani, isifunikwe na pazia, kale kasponji ka nyuma kaoshwe kila wiki kakauke kabisa ndo karudi. Moto wa mashine ikiwa imebanwa ndo unaua hizi vitu.

Inverta: betri moja ya 200Ah ya volti 12 ina kama wati-saa 2400, lakini zile za maji usizimalize, tumia nusu. Hapo unapata masaa 3 na kitu. Inatosha kuvuka stima za kawaida za kupotea na kurudi, haitoshi usiku kama ule wa kijana. Kwa hivyo inverta NA silinda, sio moja. Na inverta ihesabiwe kubwa kuliko wati 350 maana ikiwaka mara ya kwanza inavuta sana.

Mwana_wa_Mvita
Shikamoo mama. Mimi niko Mombasa lakini nina shangazi huko Nairobi mwenye tatizo hilo, na kuna jambo watu wa bara hamulisemi. Mji wenu uko juu, kama mita 1,700, na hewa ya huko imepungua mkandamizo karibu moja ya tano ukilinganisha na sisi hapa chini pwani. Shangazi akija kwetu likizo anatoka 86 anafika 91 kwa kukaa tu barazani, hajaongeza kitu. Kisha anadhani amepona anaiacha mashine sandukuni. Akirudi kwenu anaanguka.

kijana_wa_Pipeline
Ni kweli, na upande mwingine pia. Mathe ni wa Kinangop, buda akitaka kuenda ushago huko ni juu zaidi ya Nairobi, lazima tuulize daktari kwanza na tuangalie kitabu cha mashine, yetu imeandikwa mwisho wake mita ngapi.

MamaChapo_Umoja
Nimerudi. Siku 5. Kamba ndefu imepatikana, nyekundu nimefunga na vitambaa vya zile sare za shule za zamani.

Jana nimeoga mwenyewe. Mwenye hajawahi kuogeshwa na mtoto wake hawezi kuelewa. Niliweka kiti cha plastiki ndani ya bafu, mashine ikabaki nje kabisa kwa sebule, kamba ikapita chini ya mlango, mlango nikaacha wazi kidogo mvuke utoke. Maji ya uvuguvugu. Bomba sikutoa hata nikinawa uso. Kilichonimaliza ni kujikausha, ile kuinama na kusugua, nikakumbuka nikajifunga tu lile shuka la taulo kubwa nikakaa likanikausha lenyewe. Mashine ya kidole: 88. Nikalia kidogo, sitadanganya.

Pua ndo inakauka mpaka inatoa damu. Binti alitaka kunipaka Vaseline.

Sista_Mstaafu
Asikupake! Mafuta ya mgando na oksijeni havikai pamoja, yanaweza kushika moto na kukuunguza uso. Uliza duka la dawa jeli ya maji. Na kwa lita 2 wengi hata hawahitaji ile chupa ya maji ya mashine, lakini kama pua inatoa damu waulize wakuwekee, maji yawe yaliyochemshwa yakapoa, yabadilishwe kila siku, chupa ioshwe. Maji yaliyolala humo ni shamba la wadudu.

Kila kazi ya kuinuka, toa pumzi wakati wa nguvu. Vuta kwa pua, toa polepole na midomo umeibana kama unapoza chai. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Hiyo haihitaji stima.

MamaChapo_Umoja
Sawa sista. Sasa swali langu la kwanza bado mnalizunguka. CHAPO.

kijana_wa_Pipeline
Si upike tu kwa gesi? Gesi haina moshi.

Bwana_Pumzi
Kijana futa hiyo. Nitawaambia kitu sijawahi andika mahali.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimeacha sigara, lakini si kuacha kabisa. Nilikuwa na moja nimeficha ndani ya kopo la vifungo. Siku moja bibi ameenda soko nikaingia bafuni, nikajiambia nitasukuma bomba hapo kwa paji la uso, sekunde moja tu. Nikawasha kiberiti. Sijui niseme nini, haikulipuka, watu hufikiria inalipuka. Ilipita tu kama mtu amechora uso wangu na moto, fyuu, masharubu yakaenda, bomba likawa linawaka kama fataki likielekea puani. Nilijirushia ndoo ya maji. Mpaka leo ndani ya pua hii ya kushoto sisikii harufu ya chochote. Kwa bibi nilisema ni pasi ya makaa, na alijua, na hakuniuliza.

Oksijeni yenyewe haiungui lakini inafanya kila kitu kiungue kama kimemwagiwa petroli. Inaingia kwa nguo, kwa nywele, kwa blanketi. Gesi, makaa, mshumaa stima ikipotea, ubani, yote ni moto. Sisi tunaweka mita 3 kutoka moto wowote. Na ukizima mashine usikimbilie jiko hapo hapo, kaa mahali pa hewa dakika 20 mpaka 30 nguo zipunge. Na usiache bomba linapuliza juu ya kitanda.

MamaChapo_Umoja
Asante Mzee kwa kusema. Nimesoma mara 2, nikampa binti asome.

Lakini jikoni kwangu kutoka ukuta mpaka ukuta ni mita 2 na nusu. Kwa hivyo ni kuuza sufuria.

Bwana_Pumzi
Ngoja kwanza. Chapo ni moto peke yake? Mimi ninapiga pasi? Sipigi. Kuna kijana anapiga pasi nje kwa korido, mimi nakata na nashona nikiwa na bomba. Suruali inatoka. Wewe niambie, kwa chapo moja, moto ni dakika ngapi na mkono ni dakika ngapi?

MamaChapo_Umoja
Mkono ndo mwingi. Kukanda, kukata madonge, kusukuma, kupaka mafuta, kukunja ile konokono, kusukuma tena. Moto ni dakika 2 au 3.

...Oh.

fundi_stima_Donholm
😂😂 mama amejijibu

Sista_Mstaafu
Ukae ukifanya, viwiko viegemee meza, meza isiwe chini mpaka uiname. Kukanda mikono ikiwa juu inamaliza pumzi kuliko kutembea. Gawanya, usikande kilo 5 mara moja. Halafu hayo mafuta ya kupikia ya kupaka donge, osha mikono na sabuni kabla hujagusa bomba au mashine.

MamaChapo_Umoja
Wadau ripoti. Imepita wiki 3, samahani nimekuwa kimya, nilikuwa na kazi, na kusema hilo neno nafurahia mwenyewe.

Kliniki nilienda. Walinitembeza dakika 6, nikashuka mpaka 83 na hizo lita 2, sasa nimeandikiwa 2 ya kukaa na kulala, 3 ya kazi na kutembea. Na kuna mazoezi ya mapafu mara 2 kwa wiki, tunapanda kijukwaa na kushuka, kuna mzee wa miaka 71 ananishinda, nitamfikia.

Chapo: meza nimeweka hapo kwa dirisha la sebule, mbali na jikoni, na jikoni yenyewe meko haiwashwi nikiwa na bomba, kabisa. Nakanda kilo 1, napumzika, nakanda nyingine. Nasukuma nimekaa. Kila donge likisukumwa linawekwa na karatasi ya nailoni katikati, nikifika 10 binti anabeba anashuka nazo chini kwa geti, jiko liko huko, na moshi unabaki huko. Kale ka kidole kanakaa 89, 90. Siku ya kwanza tulifanya 20 nikalala saa kumi na mbili jioni kama mtoto. Sasa ni 40.

Aibu ndo ilikuwa kazi. Mama mmoja wa ploti aliuliza binti kama hiyo TB yangu haiingii kwa unga. Nikashuka mwenyewe, na silinda ndogo ya begi, ngazi 2, nikipuliza chai yangu polepole, nikapumzika pale zinapokunja, nikamkuta hapo getini. Nikamwambia TB iliisha zamani, hii ni makovu, makovu hayaambukizi, na unga naukanda na mkono sio na pua. Alinunua 4. Sijui kama alizila.

Bado kuna siku mbaya. Jumatatu ilikuwa vumbi na moshi wa takataka huko nje, sikukanda hata moja, nililala na madirisha yamefungwa, nikakasirikia kila mtu.

Fundi wa Donholm, ile inverta nitumie namba yako inboksi, watoto wamechanga. Kesho ni Jumamosi oda ni 60 za harusi ya mtu wa chama, tumegawa mara 2, nusu leo jioni. Na Bwana Pumzi, 4 zako nimeweka kando zimefungwa na kitambaa, kuja uchukue kabla hazijapoa. Ngazi ni 2 tu, na pale zinapokunja nimeweka kiti.